Alikufaje? Swali la kwanza kwa fundi wa mifupa

Kila jioni matatu za barabara ya Thika hushusha watu wengi Zimmerman, mtaa wa maghorofa ya kupanga kaskazini mwa Nairobi. Wengi wanaolala hapo hawana habari kwamba mtaa wao umebeba jina la Paul Zimmermann, Mjerumani aliyekuwa na kampuni ya kukausha wanyama. Vichwa vya nyati, ngozi za simba, chui mzima aliyesimamishwa kana kwamba yu tayari kuruka, vyote vilipita mikononi mwa mafundi wa kampuni ile kabla ya kupakiwa kwenye makasha na kusafirishwa ng'ambo, kwa wawindaji waliokuwa wamekuja na bunduki zao. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Kazi ikakatika, jina likabaki.

Haikukatika kwa sababu mafundi hawakuijua. Waliijua sana. Kilichowaishia ni njia ya kumpata mnyama, maana kazi nzima ilikuwa imeegemea risasi. Naanza na habari hiyo kwa sababu siku hizi wapo vijana, wa kike kwa wa kiume, wanaoipenda kazi hii kwa dhati. Wanaokota mafuvu ya mbuzi nyuma ya mabucha, wanachonga hereni za mfupa wa ng'ombe, wanakesha wakitazama video za mafundi wa Marekani wanaomvisha ndege ngozi yake upya, kisha wanauliza kama mtu anaweza kula kwa kazi hiyo. Anaweza. Ila kitakachoamua kama atakula kwayo miaka miwili au umri wake wote si wepesi wa mkono peke yake. Ni jibu la swali moja: mnyama huyu alikufaje, na ni nani awezaye kulithibitisha hilo?

Nairobi hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili. Ahmed, ndovu wa Marsabit, alikuwa na pembe zilizokadiriwa kufika kilo 67 kila moja, na kwa hofu kwamba majangili wangemmaliza, Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970. Alikufa kifo chake mwenyewe mwaka 1974. Mifupa yake ikapelekwa Makumbusho ya Taifa, na uani pale imesimama sanamu yake ya faibaglasi yenye ukubwa wake halisi. Watoto wa shule hupiga picha chini ya pembe zake mpaka leo. Hakuna mtu wa kuona haya mbele yake, kwa kuwa hakuna aliyemfyatulia risasi ili apate kumtazama.

Ughaibuni, kazi ya kukausha wanyama, taksidemia kwa jina lake la kitaalamu, imefufuka kwa masharti ya aina hiyo. Allis Markham wa Los Angeles alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Disney, upande wa mitandao ya kijamii. Akaenda kusoma kozi fupi ya taksidemia Montana, akarudi akajitolea katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Los Angeles chini ya fundi mkongwe Tim Bovard, na hatimaye akafungua karakana yake, Prey Taxidermy, anakotengeneza na kufundisha. Hatumii mnyama aliyeuawa kwa ajili ya sanaa. London yuko Polly Morgan, aliyejifunza kwa fundi George Jamieson wa Edinburgh mwaka 2004. Kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa panya mweupe aliyejikunja kulala ndani ya glasi ya shampeni, na ilimfungulia milango ya majumba ya sanaa. Naye pia hutumia wanyama waliokufa wenyewe au kwa ajali.

Kijana wa huku anayewatazama watu hawa aangalie zaidi wanavyopata riziki kuliko wanavyopata sifa. Markham hakutoka kwenye kozi moja kwa moja hadi kwenye duka. Alipita makumbusho kwanza, akafanya kazi bila malipo chini ya mtu anayejua. Na ukizifuatilia karakana za namna hii utakuta kwamba kuuza mnyama aliyekaushwa si nguzo pekee ya mapato. Kuna madarasa ya wikiendi, kuna ukarabati wa mali za makumbusho, kuna kazi za filamu na za wasanii wengine. Anayengoja mteja mmoja tajiri wa kununua tausi atangoja sana.

Nyara za serikali

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kudhani kwamba maadili ya London yanaweza kubebwa yalivyo hadi Morogoro. Fundi wa Uingereza akikuta mbweha amegongwa na gari humtia kwenye mfuko na kumpeleka kwenye friza. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya nayo hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na swala, nyani na hata twiga hugongwa pale. Dereva aliyemgonga hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Lakini ukiupakia mzoga ule kwenye buti, hata kama nia yako ni njema kuliko ya mtu yeyote, umekutwa na nyara za serikali.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2009, inahesabu kuwa nyara pembe, meno, kucha, ngozi, nywele, manyoya na hata mayai ya mnyamapori, na haimwachii huru aliyeokota eti kwa sababu hakuua. Kifungo cha miaka 20 kwa kosa hili kimesomwa mara nyingi katika mahakama zetu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 nayo iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, kwa mwenye kumiliki nyara au kutengeneza kitu kutokana nayo bila kibali. Tanzania bado inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni, na Arusha kuna mafundi wanaoziandaa nyara hizo kihalali. Hiyo ni njia nyingine, nami siizungumzii leo.

Wapo wasanii wanaolalamika kwamba sheria hizi zinaua kipaji. Sikubaliani nao. Kila aliyewahi kukamatwa na pembe ya ndovu amesema ameiokota. Nchi ikishakubali neno "nimeokota", haitakuwa na njia ya kumtofautisha msanii na jangili, na atakayelipa ni ndovu. Marekani wenyewe, wanaosifiwa kwa uhuru wao, wana sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inayomzuia mtu kuweka nyumbani hata unyoya mmoja wa ndege wengi wa porini. Pwani yetu ni hivyohivyo: ganda la kasa, lililokuwa bidhaa ya majahazi tangu kale, leo halina fundi halali hata kama kasa amesukumwa ufukweni akiwa ameshakufa.

Halafu kuna kimeta. Ng'ombe, mbuzi, nyati au pundamilia aliyeonekana tu amekufa, bila jeraha, anaweza kuwa ameuawa na ugonjwa huo, na vijidudu vyake hukaa hai ndani ya ngozi, mifupa na udongo kwa miaka mingi. Maeneo ya wafugaji Tanzania, Kenya na Uganda yameuona mara kwa mara. Kumchuna mnyama kama huyo ni kujitafutia kifo. Ndiyo maana maneno "alikufa mwenyewe", yanayomtuliza mteja wa Brooklyn, Marekani, huku kwetu yanapaswa kumfanya fundi arudi nyuma hatua tatu na kumwita daktari wa mifugo.

Kachinjwa au kibudu?

Watu wa pwani wamelizoea swali hili kabla ya makumbusho yoyote kulifikiria. Mnunuzi wa nyama Mombasa au Unguja huuliza aliyechinja kabla ya kuuliza bei. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, hukumu inafika hadi karakana: ngozi ya mzoga husafika ikidibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, lakini mfupa wake hubaki najisi. Hanafi wana rai nyingine juu ya mfupa. Kwa hiyo fundi anayemuuzia Mwislamu wa Lamu kijiko cha mfupa ana wajibu wa kujua kama ng'ombe yule alichinjwa au alijifia, na asipojua aseme hajui. Hata vichwa vya mbuzi wa Idi ya kuchinja vina adabu yake. Mwenye kuchinja udhiya haruhusiwi kuuza sehemu ya mnyama wake, hata ngozi, basi fundi anayepita mitaani siku ile aombe apewe, asishike noti mkononi.

Katika mnyama aliyechinjwa ndipo unapouona utajiri wetu ulipo. Tanzania peke yake ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Machinjio ya Nairobi, Dodoma, Mwanza na Kampala hutoa kila siku mifupa, pembe na kwato ambazo nyingi huishia kuwa taka, au kusagwa kuwa chakula cha kuku. Mnyama amekaguliwa na mtaalamu wa mifugo, nyama yake imeliwa, asili yake inajulikana. Mfupa wa machinjioni una uhalali ambao fundi wa Ulaya anauhangaikia, nasi tunautupa jalalani.

Wapo waliokwisha kuuona. Ukiingia katika karakana mojawapo ya mifupa ya Kibera, kinachokupokea kwanza ni harufu, maana mfupa ukikatwa kwa msumeno wa umeme hunuka nywele zilizoungua. Kisha vumbi jeupe, lililotanda juu ya mabati, juu ya redio, juu ya nyusi za mafundi. Mifupa inayopendwa ni ya miguu ya ng'ombe, kwa kuwa ina ukuta mnene na imenyooka. Ncha zake mbili hukatwa, uboho hutolewa, mfupa huchemshwa kwa sabuni mpaka mafuta yatoke. Baada ya hapo hupasuliwa vipande, kila kipande kikachorwa kwa penseli, kikakatwa umbo, kikasuguliwa kwa msasa wa chenga kubwa na baadaye ule laini. Vingine hufanywa vyeupe kwa haidrojeni peroksaidi. Vingine hutiwa batiki: fundi huchora kwa nta iliyoyeyushwa, huchovya kipande katika rangi nyeusi au kahawia, halafu huiondoa nta, na pale ilipokuwa panabaki weupe wa mfupa. Mwisho ni gurudumu la kitambaa la kung'arishia. Kipande kilichoingia kikinuka supu hutoka ni kipuli, au mpini wa kijiko cha saladi, na ukikigusisha shavuni ni baridi.

Vumbi lile si la kuchezea. Mapafu hayalitoi kwa urahisi, na fundi asiyevaa barakoa nzuri anauza pumzi zake pamoja na hereni. Kusugua mfupa ukiwa umelowa maji hupunguza vumbi sana, na hakuhitaji mtaji.

Pembe ina tabia nyingine kabisa. Ni jamaa ya ukucha na nywele, si mfupa, kwa hiyo ikipashwa moto hulainika, hukunjuka, hubanwa ikawa bapa, na ikipoa hubaki na umbo lake jipya. Uganda wamejaliwa ng'ombe wa Ankole, ambao pembe yao moja yaweza kuzidi urefu wa mita 1, yenye rangi zinazotembea kutoka maziwa hadi kahawa nyeusi. Mafundi wa Kampala hupata humo vikombe, vifungo, bangili na mabakuli. Kisumu na Mwanza nako ngozi ya sangara, iliyokuwa ikitupwa baada ya minofu kukatwa, imeanza kuwa viatu na pochi.

Kazi hii si mgeni kwetu. Viti vya enzi vya Lamu na Zanzibar, vile vya mpingo vyenye mgongo ulionyooka, vilitiwa njumu za pembe za ndovu na za mifupa. Siwa (baragumu la enzi) ya Pate, inayohifadhiwa Makumbusho ya Lamu, ni ya pembe za ndovu, na siwa nyingine za miji ya pwani ni za shaba na mti. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa CITES ulipofunga biashara ya pembe za ndovu, na Kenya ikachoma tani 12 hadharani mwezi Julai mwaka ule, mfupa wa ng'ombe ulipata nafasi ambayo hapo kabla ulikuwa hauipati. Lakini ulirithi pia shaka. Mtalii hushikwa uwanja wa ndege na mkufu mweupe, naye hajui aseme nini. Fundi makini humfundisha mteja wake kuutazama mfupa kwa karibu: una vitone na mistari midogo myeusi, ambayo ni njia zilizokuwa zikipitisha damu. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo. Ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana na kufanya vipembe kama wavu. Somo la dakika moja, nalo linauza.

Anayeanza asianze na kitu kikubwa. Kichwa cha mbuzi kutoka bucha la jirani kinamtosha. Achune ngozi, atoe macho, ulimi na ubongo, kisha akitie ndooni, akijaze maji, afunike na kukiweka penye joto, mbali na madirisha ya watu. Bakteria ndio watakaofanya kazi, na joto la Tanga au Dar es Salaam hulimaliza jambo hili kwa wiki chache. Asikichemshe kwa moto mkali. Mfupa wa mguu huvumilia, fuvu halivumilii: mafuta huzama ndani na baada ya miezi likageuka manjano, na vile vijifupa vya ndani ya pua, vyembamba kuliko karatasi, husambaratika. Maji yamwagwe kupitia chujio, kwa sababu meno ya mbele hung'oka yenyewe. Mbuzi mzima ana meno 32, na ya mbele yote yako taya la chini. Likipotea moja, mteja anayejua ataliona pengo. Magamba ya pembe nayo huteleza yakatoka, yakiacha viini vya mfupa vilivyo na matundumatundu, na hapo mwanafunzi huelewa kwa macho yake tofauti ya pembe na mfupa.

Baada ya hapo fuvu hukaa katika maji vuguvugu ya sabuni ya vyombo, yakibadilishwa kila yanapokuwa na ukungu, mpaka mafuta yaishe. Sehemu hii haina mkato, na wengi hushindwa hapa kwa pupa. Weupe huletwa na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3. Dawa ya kufulia yenye klorini isiguse mfupa kamwe, kwani huula kutoka ndani, na fuvu lililong'aa mwaka huu huanza kumomonyoka mwaka ujao. Makumbusho makubwa huwatumia mbawakawa wa jamii ya Dermestes, ambao mabuu yao hula nyama iliyokauka hadi kwenye viungo vidogo kabisa. Huwekwa katika chumba cha peke yao, maana wakitoroka hawatabagua kati ya mzoga na ngozi ya thamani iliyo kabatini.

Kumvisha mnyama ngozi yake ni ngazi ya juu zaidi. Zamani ngozi ilishindiliwa majani makavu na vitambaa, ndiyo maana wanyama wa kale wa makumbusho wana matumbo kama magunia. Aliyeibadilisha kazi hii ni Mmarekani Carl Akeley, aliyekuwa akimpima mnyama kila upande, akamfinyanga upya kwa udongo, msuli kwa msuli, akatoa kalibu ya plasta na kutengeneza kiwiliwili chepesi cha ndani kabla ya kuirudisha ngozi. Akeley alikuwa mwindaji pia. Mwaka 1921 aliwapiga risasi masokwe wa milima ya Virunga kwa ajili ya makumbusho ya New York, kisha akatumia miaka yake iliyobaki kuwashawishi Wabelgiji wawalinde waliosalia. Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilitangazwa mwaka 1925. Mwaka 1926 alifia kwenye miteremko ya Mikeno, huko Kongo, na akazikwa hukohuko.

Fundi wa leo hana haja ya kuupita mlango wa sokwe. Sungura wa kufugwa, kuku, bata na njiwa wana kila alichohitaji Akeley kujifunza. Chumvi na shabu zinapatikana sokoni, na gome la miwati ya Njombe ndilo hutoa tanini ya viwanda vya ngozi. Jambo la kuogopa ni vitu vya kale: mafundi wa karne zilizopita walipaka ngozi sabuni ya aseniki ili wadudu wasizile, na sumu hiyo bado iko kwenye manyoya. Anayekabidhiwa kuro wa mkoloni wa kukarabati avae glavu.

Mteja ni nani?

Mteja wa kwanza, kwa maoni yangu, si mtalii. Ni shule. Mada ya mifupa na mwendo iko katika biolojia ya sekondari Kenya na Tanzania, na wanafunzi wengi huisoma kwa michoro ya ubaoni. Mwalimu akiwa na uti wa mgongo wa mbuzi mezani, ataonyesha kwamba shingo ya mbuzi ina pingili 7, ya twiga 7, na ya mtoto aliyekaa dawati la mbele 7. Mchoro hauwezi kufanya hivyo kwa nguvu ileile. Kiunzi kizima cha mbuzi au sungura, kilichosafishwa vizuri na kufungwa kwa waya, ni bidhaa ambayo shule, vyuo vya mifugo na vyuo vikuu kama Sokoine cha Morogoro vinaihitaji kila mwaka, na malighafi yake imelala machinjioni.

Makumbusho ni mteja wa pili. Chui wa Unguja, ambaye wataalamu wengi wanaamini ametoweka, leo anajulikana kwa ngozi chache zilizotawanyika duniani na mmoja aliyekaushwa katika makumbusho ya Zanzibar. Kitu cha namna hiyo kikioza hakuna kingine. Kinahitaji mkono uliofundishwa hapahapa, si mgeni wa kuitwa mara moja kwa miongo miwili.

Kizuizi kikubwa kuliko mtaji ni macho ya watu. Kijana mwenye mafuvu 10 chumbani ataitwa mchawi kabla hajaitwa fundi, na wazazi wake watalala kwa wasiwasi. Siidharau hofu hiyo. Koo nyingi zina mwiko wa kugusa mifupa, na mwiko una heshima yake. Lakini alikuwepo Kamoya Kimeu wa Makueni, aliyeingia kazi ya mifupa ya kale kwa akina Leakey, familia ya watafiti wa mifupa hiyo, mwaka 1960 akiwa kibarua wa Olduvai. Mwaka 1964 aliliona taya la zamadamu huko Peninj, kando ya Ziwa Natron. Mwaka 1984 akaona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, na kipande hicho kikawa mwanzo wa kiunzi cha mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 iliyopita. Alifariki mwaka 2022, akiwa amekaribishwa Ikulu ya Marekani na kupewa medali, na jina lake likiwa limepewa nyani na sokwe wa kale. Richard Leakey mwenyewe, alipoacha shule mwanzoni mwa miaka ya 1960, riziki yake ya kwanza ilikuwa kuuzia vyuo na makumbusho mifupa ya wanyama.

Na kabla yao wote alikuwepo John Edmonstone, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Guyana, akajifunza kukausha ndege kwa Mwingereza Charles Waterton, akaja Scotland akawa huru, akafungua duka Edinburgh katika mtaa wa Lothian. Mwaka 1826 kijana wa chuo mwenye umri wa miaka 17, jirani yake mtaani hapo, alimlipa gini moja amfundishe. Kijana huyo alikuwa Charles Darwin. Ndege aliowaleta kutoka visiwa vya Galapagos, wakaitikisa elimu ya viumbe, walihifadhiwa kwa ujuzi aliofundishwa na Edmonstone, na Darwin aliandika baadaye kwamba alipenda kuketi naye kwa kuwa alikuwa mtu mwerevu na wa kupendeza. Mzazi anayemwona mwanawe akisugua fuvu uani angetamani kulijua jina hilo.

Lakini mkono wenye ujuzi hautoshi bila kumbukumbu. Simba wawili wa Tsavo, Kenya, waliokula wajenzi wa reli waliuawa Desemba 1898. John Henry Patterson aliyewaua alizifanya ngozi zao mazulia, na kwa miaka 25 hivi zilikanyagwa nyumbani kwake kabla ya kuuzwa kwa makumbusho ya Field, Chicago, kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimekatwakatwa, ndiyo maana simba wale walipokaushwa walitoka wadogo kuliko walivyokuwa. Mafuvu, hata hivyo, yalihifadhiwa. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba nywele zilizonasa kwenye meno yao yaliyovunjika zimesomwa chembe za urithi, na humo wamo twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia na binadamu. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu ilijulikana mafuvu yale ni ya nani, yalitoka wapi na lini.

Kwa hiyo anayeanza anunue daftari kabla ya msumeno. Kila kichwa kiandikiwe mnyama gani, wa jinsia gani, machinjio gani, tarehe gani, nani alimkagua, na namba ileile iandikwe kwa wino kwenye mfupa mahali pasipoonekana. Risiti ya bucha ibandikwe. Barua ya daktari wa mifugo ihifadhiwe. Akitaka kugusa chochote cha porini, hata unyoya wa kanga mwitu, aende kwanza ofisi ya mamlaka ya wanyamapori, KWS kwa Kenya au TAWA kwa Tanzania, akaulize kwa maandishi na ajibiwe kwa maandishi. Siku mnunuzi wa Berlin atakapotaka bangili 200 za pembe, forodha ya huko itadai karatasi, na fundi mwenye daftari atazitoa siku hiyohiyo.